Zamu ya Jemutai

Ukungu wa Dundori hauna haraka. Huteremka kabla ya alfajiri, ukajilaza juu ya Chuo cha Kilimo cha Mawingu, na hata jua likichomoza hauamki mpaka uridhike wenyewe. Asubuhi ile ya Ijumaa ulikuwa mzito hivi kwamba Inspekta Immaculate Nakhumicha, aliposhuka garini saa mbili, alikisikia chuo kabla hajakiona. Alisikia kifagio, kengele, wanafunzi wakicheka mahali asipopajua, na ng'ombe mmoja aliyelia kwa sauti ndefu, akanyamaza, akalia tena.

"Huyo ndio mama ya ndama aliyepotea," akasema mzee Oduor, mlinzi wa lango, akijitokeza na koti lililolowa mabegani. "Alianza saa moja hivi. Mpaka saa hii hajanyamaza."

"Saa moja? Si saa kumi na mbili, kama tulivyoambiwa kwa simu?"

"Saa moja, madam. Redio ilikuwa inasoma habari."

Nakhumicha akaandika. Wenzake katika kitengo cha wizi wa mifugo mjini Nakuru walizoea kumcheka kwamba huandika kila kitu, hata rangi ya paka aliyepita njiani. Yeye hakujali. Alikuwa na miaka kumi na tisa ya kazi na madaftari ya kujaza kabati, na mara nyingi kesi ilimalizwa na yule paka.

Aliyeibwa alikuwa ndama jike wa wiki mbili, wa uzao ambao chuo kilikuwa kimeusubiri miaka mitatu. Aliyeshukiwa alikuwa msichana wa mwaka wa pili aitwaye Jemutai. Baba yake aliachishwa kazi kwenye shamba la maua Naivasha, karo ikakwama, na chuo kikamweka katika mpango wake wa kazi na masomo. Wanafunzi wa mpango huo hupewa kazi maktaba, jikoni au zizini, na saa wanazofanya huhesabiwa kuwa karo. Jemutai alipangiwa kukamua, kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa moja, na tena saa tisa alasiri. Asubuhi ile, kwa mujibu wa daftari la zamu, ni yeye peke yake aliyekuwa zizini.

Mlezi wa wanafunzi, Bi Safiyo Shariff, alikuwa amemweleza inspekta kwa simu bila kupindapinda. Kikao cha nidhamu kingekaa saa sita. Kama hakuna jipya, Jemutai angepoteza nafasi yake, na bila nafasi hakuna masomo. Ambayo yangefuata mahakamani yalikuwa juu ya polisi.

Zizini joto la ng'ombe lilikuwa limeusukuma ukungu nje kidogo. Msimamizi wa zizi, Bwana Wasike, alikuja kumpokea kwa mikono miwili.

"Nakhumicha! Kumbe ni mtu wetu. Bungoma upande gani, dada?"

"Nakuru. Nilizaliwa hapo nyumba za reli."

"Lakini wazee wako…"

"Wazee wangu walikuja na treni, Bwana Wasike, na treni haikurudi. Nionyeshe kizimba."

Vizimba vya ndama vilikuwa vinane, vimepangwa ukutani. Cha saba kilikuwa wazi. Nyasi zake bado zilikuwa na shimo dogo pale mtoto alipolala, na Nakhumicha alipoweka kiganja pale alihisi uchungu ambao hakuutarajia kwa sababu ya ndama. Akauondoa mkono wake na kurudi kwenye daftari.

"Wewe ulifika saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili kamili. Nikapata mlango wazi, ndama hakuna. Aliyekuwa hapa ni mtu mmoja tu, na unajua ni nani."

"Na simu ukapiga saa moja na nusu."

"Nilikuwa natafuta kwanza. Labda ametoka tu, unajua watoto."

"Hawa ndama hunyweshwa saa ngapi?"

"Kumi na mbili na nusu, maziwa yakishapimwa. Kila mmoja na ndoo yake. Mkamuaji akimaliza anaosha ndoo, anazipindua pale." Wasike alielekeza kidole kwenye kichanja cha mbao bila kukitazama.

Nakhumicha akakitazama. Ndoo zilikuwa zimepinduliwa kwa mstari mzuri, na kila moja ilikuwa inadondosha maji, polepole, zikipokezana, hata akasahau kidogo alikuwa wapi. Akazihesabu kutoka kushoto, kisha akazihesabu kutoka kulia. Zilikuwa nane.

Jemutai alikuwa ameketishwa juu ya gunia la pumba katika stoo ya malisho. Alikuwa mwembamba, macho mekundu, na kila alipovuta pumzi alipiga chafya. Aliomba radhi kwa kila chafya.

"Pole. Ni homa?"

"Hapana, afande. Ni hizi nyasi."

"Na unakamua kila siku?"

"Nimezoea."

"Leo ndama namba saba ulimwona?"

"Nilimwona. Nilimnywesha. Nilimwacha hapo, naapa."

"Alikunywa vipi?"

Msichana akasita. "Kwa ndoo. Kama wengine."

"Aliimaliza?"

"Eeh… aliimaliza."

Vidole vyake vilikuwa laini, na kimoja kilikuwa na wino. Inspekta alivitazama muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

"Twende unionyeshe unavyofanya kazi."

"Sasa hivi? Wameshakamuliwa."

"Sitaki maziwa. Nataka kuona tu."

Ng'ombe aliyechaguliwa aliitwa Waridi, mweusi mwenye doa jeupe usoni, ambaye Wasike mwenyewe alisema ndiye mpole kupita wote. Jemutai alichukua kigoda, akamsogelea kwa ubavu, akanyoosha mkono kama anayepapasa jiko kujua kama ni moto. Waridi aliruka. Kigoda kilipinduka, Jemutai akapiga chafya tatu, na ng'ombe akarudi nyuma hadi mnyororo ukakaza.

"Hawa wamefiwa, afande," Wasike akawahi kusema. "Wanajua mwenzao amepoteza mtoto. Hata mimi leo hawanitaki."

Ilikuwa hoja nzuri, na mtu mwingine angeikubali. Lakini Nakhumicha alikuwa anamwangalia Waridi. Ng'ombe hakuwa akimtazama Jemutai, wala mama aliyekuwa akilia. Alikuwa amegeuza shingo kabisa kuelekea banda la kukatia majani, masikio yamesimama, na kutoka kooni kwake ikatoka sauti ndogo ya chini, ile ambayo ng'ombe humtolea mtu wake. Huko kwenye banda kulikuwa na ukungu tu.

Inspekta akaanza kutembea kufuata yale macho.

"Aki afande, usiende huko," Jemutai akasema nyuma yake.

Nakhumicha hakugeuka. Alitembea katika weupe ule, buti zikizama kwenye matope yasiyoonekana, na kwa hatua ishirini hivi hakuwa mahali popote. Kisha ukungu ukamtoa mtu. Alikuwa msichana mwenye gambuti kubwa kuliko miguu yake, amekumbatia gunia tupu, na alikuwa analia bila kutoa sauti.

"Jina lako?"

"Cheptanui."

"Unasoma hapa?"

"Nilikuwa."

Wakaketi juu ya robota la nyasi. Yote yalitoka taratibu, na inspekta hakuyaharakisha. Cheptanui aliingia chuoni pamoja na Jemutai, chumba kimoja, kitanda cha juu na cha chini. Mwaka wa kwanza ulipoisha wote wawili waliomba kazi ya chuo. Nafasi ikabaki moja. Jina la Jemutai likatoka, la Cheptanui halikutoka, na jina lake likafutwa kwenye orodha ya wanafunzi. Nafasi yenyewe ikawa ya zizini, na Jemutai hawezi kukaa karibu na nyasi dakika kumi bila kufungwa kifua.

"Kwa hivyo mkabadilishana," Nakhumicha akasema.

"Tulisema yeye kwanza, halafu mimi. Mimi nikamue, yeye asome. Ananipa nusu ya sahani yake, nalala na yeye, na usiku ananifundisha yote walifundishwa. Akimaliza apate kazi, anirudishe shule." Akajifuta pua kwa gunia. "Hata mtihani wa mwisho nilifanya kwa karatasi yangu. Tukasahihisha. Nilipita."

"Wasike anajua?"

"Si ndiye aliniambia niingie na mlango wa nyuma? Alisema bora kazi ifanyike. Saa zingine naosha pikapu yake."

Nakhumicha aliacha kuandika. Kitu kilikaa mahali pake kichwani mwake, kimya kimya. Mwizi huyu hakuchagua zamu ya Jemutai kwa bahati. Aliichagua kwa sababu aliyeandikwa hakuwepo, na aliyekuwepo hakuandikwa. Mmoja hakuwa na cha kueleza, mwingine hakuwa na haki ya kueleza.

"Leo asubuhi ndama namba saba alikunywa vipi?"

"Huyo hajui kunywa bado." Kwa mara ya kwanza uso wa Cheptanui ukalegea. "Ukimpatia ndoo anaogopa. Unaweka vidole kwa mdomo yake, anavinyonya, halafu unashusha mkono kwa maziwa pole pole. Akigundua umemdanganya anakuangalia hivi." Akamwonyesha vidole viwili vya kati. Ngozi ilikuwa imechubuka kwa meno madogo, jeraha jipya juu ya kovu la jana.

"Uliondoka saa ngapi?"

"Saa moja. Nilikuwa nimeosha ndoo zote. Alikuwa amelala."

"Ndoo ngapi?"

"Nane."

Kama ndama angekuwa ametoweka saa kumi na mbili, ndoo ya saba isingeguswa. Wasike alikuwa amepanga kila kitu isipokuwa hilo, kwa sababu ilikuwa miaka mingi tangu aoshe ndoo, na mtu wa namna hiyo huona ndoo safi akadhani zimezaliwa hivyo.

"Sikiliza, mama," inspekta akasema. "Nikitaka kupekua nyumba ya mtu lazima niende kwa hakimu na maelezo ya shahidi. Ndoo haziwezi kula kiapo. Wewe unaweza. Lakini sitakuficha. Ukisema ulikuwa hapa, Jemutai ataponea shtaka la wizi, na nafasi itaondoka. Sheria ya chuo ni moja tu, kazi haiazimwi."

"Na nisiposema?"

"Atafukuzwa kama mwizi."

Cheptanui alitazama upande wa barabara ya Dundori, ambako mtu angeweza kutembea hatua kumi na asionekane tena na yeyote. Nakhumicha aliona anapotazama. Alitamani kumshika mkono, lakini shahidi aliyeshikwa mkono si shahidi. Akainuka, akakung'uta nyasi kwenye suruali.

"Kikao ni saa sita," alisema, akamwacha pale.

Langoni, mzee Oduor aliulizwa swali moja na akajibu matatu. Ndiyo, pikapu ya Bwana Wasike ilitoka saa moja na robo. Ilibeba majani ya nepia, imefunikwa na turubai. Na haikushuka mjini, ilipanda juu.

"Mtu anatoa majani kwa chuo iko na ng'ombe, anapeleka wapi?" Nakhumicha akauliza.

"Hata mimi nilijiuliza, madam. Lakini huyo ni boss. Ukimfungua turubai, kesho unafunguliwa wewe."

Chumba cha kikao kilikuwa ghorofa ya juu. Madirisha yake matatu yalikuwa meupe pe, na chumba kilionekana kama kinaelea, na meza yake, na birika lake la chai, na walimu wanne wasiotazamana. Bi Safiyo aliketi katikati, mtandio wa kijivu, miwani ikining'inia kifuani. Alikuwa mwanamke wa mjini, wa ukoo ulioishi Nakuru tangu enzi za babu, na alijulikana kwa kutopandisha sauti hata mara moja.

Wasike alirudia maneno yake. Saa kumi na mbili kamili. Mlango wazi. Mtu mmoja.

"Jemutai?" Bi Safiyo akauliza.

"Sina la kusema, mwalimu."

"Ulimnywesha huyo ndama au hukumnywesha?"

Jemutai alianza kukwangua wino kidoleni.

"Mwanangu, ukinyamaza nitalazimika kusoma hiki nilichokiandika hapa."

Jemutai aliinamisha kichwa. Nakhumicha, kwenye kiti cha kona, alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa sita na dakika nane. Alijua kwamba angeweza kusimama na kulitaja lile jina yeye mwenyewe, na alijua pia kwamba Cheptanui akikana, Wasike angetoka mlangoni akipiga mluzi. Bi Safiyo akavaa miwani. Akachukua karatasi.

Mlango ukabishwa.

Cheptanui aliingia na soksi. Gambuti alikuwa amezivua nje asije akachafua sakafu. Alisimama mbele ya meza, mikono nyuma, na kusema yote kwa pumzi moja: kwamba ni yeye aliyekamua, kwamba ndama alikuwepo saa moja, kwamba Jemutai alikuwa hosteli amelala, naye mwenyewe ndiye aliyemfunika blanketi.

Jemutai alifunika uso. "Tanui, kwa nini…"

"Huyu si mwanafunzi!" Wasike alikuwa amesimama. "Madam, huyu hata si mfanyakazi. Msimsikilize. Ni mtu amekuwa akiingia kwa zizi miezi saba bila ruhusa ya mtu yeyote!"

"Miezi saba," Nakhumicha akasema kutoka kona.

Wote wakageuka.

"Umehesabu vizuri, Bwana Wasike. Kwa hiyo ulijua ni nani hukamua. Basi asubuhi uliponiambia aliyekuwa zizini ni Jemutai, ulijua si yeye." Akafungua daftari. "Na ulisema ndama alitoweka saa kumi na mbili. Nieleze ndoo ya saba ililoweshwa na nani. Nieleze mama yake kwa nini alingoja mpaka saa moja ndio aanze kulia. Nieleze na hiyo nepia uliyoifunika turubai ukaipandisha juu."

Nje, ng'ombe yule akalia, na kwa umbali ule sauti ilifika imelainika, kama inatoka kwenye usingizi wa mtu mwingine. Msimamizi akaketi.

"Yuko kwa shamba la viazi la shemeji yangu," alisema mwishoni. "Nimemwachia maziwa. Lakini amekataa ndoo."

"Hajui kunywa," Cheptanui akasema. "Mtaweka vidole."

Konstebo aliyekuwa akingoja nje alimchukua Wasike wakaenda. Hakuna aliyefurahi kama ilivyotarajiwa. Bi Safiyo alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya mtandio, akaivaa tena, akaivua tena.

"Jemutai, jina lako limesafishwa katika wizi, na nitaliandika hivyo kwa mkono wangu," alisema. "Lakini hiyo kazi uliiazimisha. Nafasi inafutwa kuanzia leo. Naumia kukuambia, na sina namna nyingine. Nikiwasamehe ninyi, kuna sitini wengine wanaongoja nafasi kwa haki."

Jemutai aliitikia kwa kichwa. Machozi yalimdondokea mapajani na hakuyafuta. Cheptanui alimsogelea, wakasimama bega kwa bega, na mtu angeona kwamba ndivyo walivyozoea kusimama.

Nakhumicha alikuwa na fomu ya maelezo ya kujaza. Aliichukia fomu ile siku hiyo kuliko siku zote.

"Jina kamili." Akaandika. "Umri." Akaandika. "Kazi yako?"

Cheptanui alifikiri kweli kweli, kama aliyeulizwa swali la mtihani.

"Andika hakuna," alisema.

Inspekta aliandika hivyo. Kalamu ilikwaruza karatasi na chumba kizima kikaisikia. Cheptanui akaweka sahihi mahali alipoonyeshwa, akairudisha kalamu kwa mikono miwili, akaenda hadi mlangoni, kisha akasita huku ameshika kitasa.

"Mwalimu," alisema. "Leo saa tisa watakamuliwa na nani? Bwana Wasike ameenda. Waridi akikaa na maziwa mpaka kesho atavimba."

Bi Safiyo alitazama walimu wenzake kulia na kushoto. Kila mmoja wao alikuwa na shahada ya kilimo, na kila mmoja alikuwa anatazama kikombe chake cha chai.

"Nenda wewe ukakamue," akasema.

Msichana hakuondoka. Alizungusha kitasa, akakiachia, akauliza kwa sauti ndogo mno:

"Kwenye daftari la zamu niandike kwa jina la nani?"

Katika miaka yake yote pale mezani Bi Safiyo alikuwa na jibu la kila swali, na sheria ya kila jibu. Sasa alimtazama mtoto wa watu aliyesimama na soksi zilizolowa, na akashindwa kupata ukurasa.

"Lako," alisema. "Leo andika lako, mwanangu."

Cheptanui alivaa gambuti zake hapo nje ya mlango, akashuka ngazi.